Homa Iliyobandua Ncha za Vidole

Hebu kitazame kidole chako cha shahada. Si kiganja wala pingili. Tazama pale nchani, ngozi inapojibana chini ya ukucha. Sasa fikiria ngozi ya hapo imeanza kubanduka yenyewe, laini, kipande kipana kama ganda la kitunguu. Kesho kidole cha pili, keshokutwa cha tatu, mpaka vyote kumi, halafu vya miguu navyo vinafuata. Hakuna kinachouma. Mtoto mwenye vidole hivyo anajichuna huku anacheka, kama anamenya chungwa. Homa yake imekwisha. Anakula, analala, anawakimbiza kuku uani.

Mama yake anamshukuru Mungu, na ana haki. Lakini daktari anayeijua hadithi nitakayowapa leo, akiziona ncha zile, hashukuru haraka. Anavuta kiti na kuuliza: "Mama, homa ilianza siku gani?" Hataki kuambiwa wiki. Anataka siku.

Kaeni vizuri basi, maana jibu la kwa nini anauliza hivyo linaanzia mbali, Tokyo, mji mkuu wa Japani.

Ilikuwa Januari 1961, katikati ya majira ya baridi. Katika hospitali ya Msalaba Mwekundu mtaa wa Hiroo alikuwapo daktari wa watoto aitwaye Tomisaku Kawasaki. Najua mnachowaza. Hapana, si yule wa pikipiki. Kawasaki wa pikipiki ni Shozo, aliyefungua karakana ya kuunda meli hapo hapo Tokyo mwaka 1878. Huyu wetu hakuwa na karakana. Alikuwa kitindamimba wa watoto saba, na utotoni alipenda mimea na matunda. Angeachiwa hiari yake, huenda angeishia kuchunguza majani. Mama yake ndiye aliyetaka mwana daktari. Nadhani jicho la majani hakuliacha nyumbani. Mtu aliyezoea kutofautisha jani na jani haridhiki na jibu la "ni vipele tu".

Siku moja aliletewa mvulana wa miaka minne na miezi mitatu. Homa ilikuwa haitaki kushuka. Macho yalikuwa mekundu yote mawili, lakini hayakuwa na tongotongo. Yalikuwa makavu, kama ya mtu aliyekaa kwenye moshi. Midomo imekauka, imepasuka, inatoa damu. Ulimi umekuwa mwekundu wenye vichunusi, mfano wa tunda la forosadi. Upande mmoja wa shingo tezi imevimba. Mwilini vipele, viganja na nyayo nyekundu zilizojaa. Baadaye, mvulana alipopata nafuu, ngozi ya ncha za vidole ikaanza kubanduka.

Daktari Kawasaki aliyapitia magonjwa aliyoyajua. Skarlatina? Dalili nyingine zilikubali, nyingine zilikataa. Magonjwa mengine ya vipele? Yale yale. Mtoto akapona, akaruhusiwa kwenda nyumbani, na kwenye faili, pale penye jina la ugonjwa, Kawasaki akaandika kwamba haujulikani.

Nataka mkae hapo kidogo. Alikuwa na zaidi ya miaka kumi ya kutibu watoto. Angeweza kuandika "skarlatina" na hakuna ambaye angemwuliza. Mtoto amepona, wazazi wamefurahi, faili limefungwa. Lakini kama angeliandika jina lisilo lake, faili lile lingekwenda kulala pamoja na mafaili ya skarlatina, na mtoto wa pili asingekuwa na mwenzake wa kufanana naye.

Mtoto wa pili alikuja mwaka uliofuata, Februari 1962. Macho yale yale, midomo ile ile. Kawasaki akamkumbuka wa kwanza. Kabla ya mwaka 1962 kwisha alikuwa na watoto saba, akawaeleza madaktari wenzake kwenye mkutano, nao hawakutikisika. Wengi waliona ni skarlatina iliyovaa nguo za kuazima. Akaendelea kuwahesabu. Mwaka 1967 alichapisha habari za watoto 50 kwa Kijapani, kurasa 44, amewaeleza mmoja mmoja kana kwamba kila mmoja ni nchi yenye ramani yake.

Sasa tuuache ukumbi wa hospitali, tuingie ndani ya mwili.

Ukichomwa na mwiba mguuni, pale ulipochomwa hufanya nini? Panavimba, panapata joto, panakuwa pekundu, panauma. Mwili umetuma askari wake, yaani chembe nyeupe za damu, kwenda kupambana na uchafu ulioingia. Uvimbe ule ni kelele za vita. Vita vikiisha, askari wanarudi, mguu unapona. Hiyo ni kazi njema, na bila hiyo tusingevuka utoto.

Mara chache sana askari hao hukosa shabaha. Badala ya kumsaka adui, wanazivamia kuta za mishipa ya damu yenyewe, zile njia wanazopitia kila siku. Ukuta wa mshipa unavimba, unalowa, unadhoofika. Magonjwa ya namna hiyo yanaitwa vaskulaitisi. Yako mengi, ukoo mzima, na kila mmoja una mishipa unayoipenda. Uko unaoshambulia mshipa mkubwa utokao moyoni, ule aliouleza daktari wa macho Mikito Takayasu mwaka 1908, naye Mjapani. Yako yanayoshambulia mishipa midogo isiyoonekana kwa macho. Ugonjwa wa Kawasaki huenda kwenye mishipa ya kati, na katika hiyo, kwa sababu ambayo hakuna aliyeipata, unaipenda zaidi mishipa miwili inayoulisha moyo.

Moyo nao hula, jamani. Pengine hukuwaza hivyo kwa sababu umejaa damu, lakini damu iliyo ndani yake ni ya safari, si ya kwake. Chakula chake unakipata kupitia mishipa miwili inayochomoza pale mshipa mkuu unapoanzia, kisha inatambaa juu ya moyo kama mizizi ya mti juu ya jiwe. Kwa mtoto mdogo, mshipa mmoja una upana wa milimita 2 hivi. Chukua njiti ya kiberiti uitazame. Ndiyo hiyo.

Kawasaki mwanzoni hakuyajua haya. Hapa ndipo ninapompenda zaidi, kwa sababu alikosea. Katika wale watoto 50 hakufa hata mmoja, naye akaamini kuwa ugonjwa wake ni mpole, unapita wenyewe na hauachi deni. Daktari mwenzake wa Tokyo, Takajiro Yamamoto, ndiye aliyeanza kuwapima moyo watoto wa namna hiyo. Mwaka 1968 alieleza habari za watoto 23, na karibu nusu yao michoro ya mapigo ya moyo ilikuwa na kasoro. Mwaka 1970 Japani ikafanya uchunguzi wa nchi nzima. Wakapatikana watoto 10 waliokuwa na dalili zile zile, wakaonekana wanapona, kisha wakafa ghafla. Walipochunguzwa, mishipa inayoulisha moyo ilikuwa imetunga vifuko, na ndani ya vifuko damu imeganda.

Kuelewa kifuko, nenda kwa fundi baiskeli. Mwombe akuonyeshe tairi lililolika ubavuni, halafu umtazame anavyojaza upepo. Tyubu ni ile ile, upepo ni ule ule, lakini pale tairi lilipolika tyubu inatokeza nje kama puto. Mahali pengine pote inakaa vizuri, kwa sababu imeshikwa. Pale tu haina wa kuishika. Ukuta wa mshipa uliodhoofishwa na uvimbe nao uko hivyo: kila pigo la moyo linausukuma, nao unatanuka kidogo kidogo. Mshipa wa upana wa njiti ya kiberiti unaweza kutanuka hadi milimita 8 au zaidi, unene unaopita penseli. Hapo madaktari husema mtoto ana kifuko kikubwa mno, na huyo hawamwachi tena machoni.

Tofauti na tyubu ni hii: kifuko cha mshipa ni nadra kupasuka. Hatari yake ni utulivu. Mto ukiwa mwembamba maji yanakimbia. Ukipanuka ghafla kuwa bwawa, maji yanapoa mwendo na matope yanatuama. Damu nayo ikiingia kwenye kifuko inapunguza mwendo, na damu isiyokwenda huganda. Bonge likiziba njia, sehemu ya moyo inakosa chakula. Ni mshtuko wa moyo ule ule wa wazee, isipokuwa mgonjwa bado hajaanza shule.

Tuuhesabu ugonjwa huu kwa siku, kama yule daktari wetu.

Siku ya kwanza ni homa kali, basi. Mtoto analia, habembelezeki. Wazazi wengi husema hawajawahi kumwona mtoto wao na hasira za namna ile. Siku ya pili au ya tatu vipele vinatoka, macho yanakuwa mekundu. Dalili zina ujanja mmoja mbaya: si lazima zije pamoja. Vipele vinaweza kuja Jumanne na kuondoka Alhamisi, midomo ikapasuka Ijumaa. Daktari wa Jumanne ameona vipele, wa Ijumaa ameona midomo, na hakuna aliyeona ugonjwa. Ndiyo maana mzazi anayekumbuka, au anayepiga picha kwa simu kila dalili inapotokea, anamsaidia daktari kuliko anavyodhani.

Siku ya tano ina uzito wake. Homa ikifika siku tano, na kati ya dalili tano (macho, midomo na ulimi, vipele, viganja na nyayo, tezi ya shingo) zikaonekana nne, daktari hana haja ya kusubiri zaidi. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachosema "huyu ni Kawasaki" kama kile cha malaria. Ni macho ya mtu, na hesabu ya siku. Madaktari wazoefu wanaweza kuamua hata siku ya nne.

Bila dawa homa hukaa wiki moja na nusu au mbili, kisha huisha yenyewe. Nyumba inapumua. Katika wiki ya pili na ya tatu ndipo ncha za vidole zinapobanduka, kuanzia pale chini ya ukucha nilipowaambia mtazame. Mtoto anacheza. Na wiki hizo hizo, ndani, kuta za mishipa zinaendelea kutanuka, na damu imejaa chembe za kugandisha kuliko kawaida, mara mbili hata tatu ya kiasi chake. Kifuko na gundi vinakutana mahali pamoja, wakati mmoja, kifuani mwa mtoto anayekimbiza kuku. Hao watoto 10 wa Japani ndivyo walivyopotea.

Kufikia wiki ya sita au ya nane damu inarudi kuwa ya kawaida. Watoto walio wengi hawaachiwi chochote. Waliopata vifuko, karibu nusu ya vifuko hivyo hurudi upana wake ndani ya mwaka mmoja au miwili, hasa vile vidogo. Vikubwa mno ni mara chache kurudi. Kuugua mara ya pili hutokea, lakini kwa wachache; huko Japani ni kama watoto 3 katika kila 100.

Mmoja wenu ameshainua mkono. Anataka kujua kama yeye yumo hatarini.

Ukiwa unasoma maneno haya mwenyewe, umri mbaya umeshaupita, au unakaribia kuupita. Katika kila watoto 5 wanaougua, 4 wana umri chini ya miaka mitano. Wavulana huugua zaidi: kwa kila wasichana wawili, wavulana watatu. Ukoo nao una neno. Japani ndiyo inayoongoza duniani. Mwaka 2019 waliugua zaidi ya watoto 300 katika kila watoto 100,000 walio chini ya miaka mitano. Mtu angesema labda ni hewa ya Japani, au samaki. Lakini huko Hawaii, visiwa vya Marekani katikati ya bahari, wanaishi watoto wa asili ya Kijapani ambao mababu zao walihamia zamani. Wanakunywa maji ya Hawaii na kula chakula cha Marekani, na bado wanaugua kwa wingi kuliko majirani wao wa asili nyingine. Kumbe kuna kitu kimesafiri ndani ya damu. Tena mtoto ambaye ndugu yake ameugua ana uwezekano mara kumi wa kuugua kuliko mtoto mwingine, na aliyezaliwa na mzazi aliyewahi kuugua utotoni yumo hatarini zaidi pia.

Lakini usimkimbie mwenzako wa darasani aliyeugua. Huu hauambukizwi kwa kukaa dawati moja, wala kwa kula sahani moja.

Kuugua ni jambo moja. Kupata vifuko ni jambo jingine, na la pili lina watu wake. Wa kwanza ni vichanga wa chini ya miezi sita. Hawa huugua kwa kujificha: homa ipo, dalili moja au mbili, basi, na ndio hao hao mishipa yao inaharibika upesi zaidi. Wa pili ni wale ambao homa yao haikushuka baada ya dawa ya kwanza. Wa tatu ni waliochelewa, na hao ndio wanaouma roho, kwa sababu hawakuzaliwa nalo.

Kuhusu kuchelewa nina la kuwaambia ninyi wa huku kwetu. Ugonjwa huu umeshaonekana katika nchi zaidi ya 60, kwa watoto wa kila asili. Wa ngozi nyeusi hawakuachwa. Ila picha nyingi za vitabuni ni za watoto weupe, na wekundu wa vipele kwenye ngozi nyeusi hujificha. Unaona ngozi imekuwa nyeusi zaidi, au ina harara kama ya joto, basi. Kwa hiyo tazama pasipodanganya: viganja, nyayo, midomo, ulimi, weupe wa macho. Na pako mahali pengine, penye kitu ambacho watoto wengi wa Ulaya hawana: lile kovu dogo la mviringo begani, la chanjo ya kifua kikuu. Kwa watoto wadogo wenye ugonjwa wa Kawasaki kovu hilo linaweza kuamka, likavimba na kuwa jekundu kana kwamba chanjo ilidungwa juzi. Madaktari wa Japani, ambako watoto wote nao huchanjwa, wanalitegemea sana. Mtoto mwenye homa apimwe malaria, bila shaka. Malaria ikikosekana na siku zinapita, kovu la begani halina gharama kulitazama.

Dawa ilichukua muda kupatikana. Miaka ya mwanzo waliwapa watoto aspirini ili damu isigande, na wakaomba Mungu. Mwaka 1984 Kenshi Furusho na wenzake huko Japani walitangaza kwamba watoto waliopewa imunoglobulini kwa mshipa walipata vifuko vichache kuliko waliopewa aspirini peke yake. Wamarekani wakajaribu, wakaona kweli.

Imunoglobulini ni nini? Ukiugua tetekuwanga ukapona, damu yako inabaki na kumbukumbu, vijilinzi viitwavyo kingamwili. Kila mtu ana zake. Sasa chukua maji ya damu ya watu maelfu waliojitolea, wa mji huu na mji ule, uchuje kingamwili zao, uzitie kwenye chupa moja. Chupa hiyo inatundikwa juu ya kitanda, na kwa muda wa saa 10 au 12 inadondoka, tone, tone, kwenye mkono wa mtoto mmoja. Mtoto wa kilo 15 hupewa gramu 30. Mara nyingi kesho yake asubuhi homa imeshuka, na yule aliyekuwa habembelezeki anaomba chai. Namna hasa inavyowatuliza askari walioasi haijaeleweka yote. Ni kama mkutano wa wazee maelfu umeingia kwenye ugomvi wa vijana, na hujui ni mzee gani aliyesema neno lililowanyamazisha.

Ni dawa ya bei kubwa, hilo tusifichane. Lakini tazama inachonunua. Bila dawa, mtoto mmoja kati ya wanne hivi hupata vifuko. Akipewa ndani ya siku 10 tangu homa ianze, hata mmoja kati ya 20 hafiki. Siku 10! Sasa mmeelewa kwa nini daktari wetu aliuliza siku. Ngozi ya vidole inapoanza kubanduka, siku hizo 10 mara nyingi zimeshapita. Ncha za vidole hazionyi. Zinatoa taarifa ya yaliyokwisha kutokea. Hata hivyo bado hujachelewa kupima moyo, kwa mashine ile ile ya mawimbi ya sauti wanayotumia kumtazama mtoto tumboni. Jeli baridi inapakwa kifuani, mtoto anacheka kwa mtekenyo, na kwenye kioo cheusi daktari anazipima zile njiti mbili za kiberiti.

Aspirini bado hutolewa, kwa kipimo cha daktari peke yake. Usije ukaichukua kabatini ukampa mdogo wako mwenye homa: kwa mtoto mwenye mafua makali au tetekuwanga inaweza kuleta ugonjwa mbaya wa ubongo na ini. Na aliyepewa imunoglobulini husubirishwa miezi 11 kabla ya kudungwa chanjo ya surua, maana wale wageni maelfu ndani ya damu yake wangeimaliza chanjo kabla haijaufundisha mwili.

Kabla hatujafunga, nimtaje binamu mmoja wa ukoo huu, maana katika nchi nyingi nje ya Asia ya Mashariki yeye ndiye mwenye kutembelea watoto zaidi. Anapenda mishipa midogo. Huja wiki moja au mbili baada ya mafua ya kawaida au koo kuuma, kwa watoto wa miaka minne, mitano, sita. Makalioni na miguuni yanatokea madoa ya zambarau yaliyoinuka. Chukua bilauri safi, uibonyeze juu ya doa: vipele vingi hufifia chini ya kioo, haya hayafifii, kwa sababu ni damu iliyovuja. Magoti na vifundo vinauma, tumbo linasokota. Madaktari wawili Wajerumani, Johann Schönlein na Eduard Henoch, ndio waliounganisha picha yake katika karne ya 19. Mara nyingi hupita kwa wiki nne, ingawa mtoto mmoja kati ya watatu hurudiwa. Madoa yakiisha, mkojo unapimwa kwa miezi sita zaidi, kwa kuwa huyu binamu akibeba kinyongo hukipeleka kwenye figo. Naye pia, mnaona, hufanya lililo baya mtoto akiwa ameshavaa viatu vya kuchezea mpira. Na usichanganye: madoa yasiyofifia pamoja na homa kali na shingo ngumu ni jambo la kukimbilia hospitali usiku huo huo, kwa maana hiyo huweza kuwa homa ya uti wa mgongo.

Turudi kwa Kawasaki. Ugonjwa ulipata jina lake, ingawa yeye mwenyewe alikuwa ameuita jina refu la kitaalamu ambalo hakuna mama angelikumbuka. Mwaka 1974 maelezo yake yalitoka kwa Kiingereza, na ulimwengu ukaanza kuwaona watoto waliokuwapo siku zote. Huko Honolulu, Marian Melish na wenzake walikuwa wameshawaona wao wenyewe bila habari za Tokyo. London walikumbuka andiko la daktari Samuel Gee la mwaka 1871: mvulana wa miaka saba, amefariki, mishipa inayoulisha moyo wake ina vifuko. Karibu miaka 90 kabla ya yule mvulana wa Hiroo.

Chanzo, je? Wamekitafuta kila mahali. Huko Marekani miaka ya 1980 waliyashuku mazulia yaliyosafishwa kwa sabuni, wakayaacha. Wengine walilinganisha wingi wa wagonjwa Japani na upepo utokao kaskazini mashariki ya China, na mwaka 2011 ndege ikarushwa juu ya Japani kwenda kukamata upepo wenyewe kwenye vichujio. Vichujio vikapatikana na kuvu, tena kwa wingi, lakini kuvu hao hawajathibitishwa kumuuguza mtoto hata mmoja. Wengi wanaamini ni kijidudu fulani, pengine vingi, vya kawaida kabisa, ambavyo mtoto wa kawaida hupiga chafya na kuvisahau, ila kwa mtoto mwenye mbegu fulani katika ukoo wake askari wanachanganyikiwa.

Mwaka 2020 ukaleta jambo la ajabu. Mwezi Aprili, madaktari wa Uingereza walitoa tahadhari: watoto waliopitiwa na Korona walikuwa wakija, wiki chache baadaye, na homa, macho mekundu, vipele na moyo uliochoka. Wengi walikuwa wakubwa kuliko wagonjwa wa Kawasaki, na wengi wa asili ya Kiafrika na ya visiwa vya Karibi. Ulikuwa ugonjwa mwingine, lakini ulifanana na wa Kawasaki kiasi kwamba madaktari walijua wapi pa kutazama tangu siku ya kwanza: zile njiti mbili juu ya moyo.

Na huko Japani, mwaka huo huo, shule zilipofungwa na watu wote wakavaa barakoa, wagonjwa wa Kawasaki walipungua kutoka zaidi ya 17,000 mwaka 2019 hadi kama 11,000. Ilikuwa fununu nzito kwamba chanzo hicho, chochote kile, husafiri kutoka pua hadi pua. Hesabu hiyo ilikamilika baadaye, na Kawasaki mwenyewe hakuiona. Tomisaku Kawasaki alifariki tarehe 5 Juni 2020, akiwa na miaka 95, na kwenye faili, pale penye chanzo, bado pako wazi.